Kesi ya kuendesha umelewa mara ya pili: watu wanapigania usiku wa kukamatwa, faili la zamani hawaligusi

Karani wa Zamani

Wakuu heshima kwenu. Maswali ya mtu aliyekamatwa akiendesha amelewa kwa mara ya pili au ya tatu yamekuwa mengi na majibu ni yaleyale, tafuta wakili mkali, kataa kupuliza, sema ulikunywa dawa ya kikohozi. Mimi nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi kabla ya kuhamia ofisi ya mawakili wa utetezi, na kinachoniuma mpaka leo ni kimoja: kesi ya kurudia ni kesi mbili kwenye karatasi moja, na karibu kila mtu anapambana na moja tu.

Ya kwanza ni ya usiku wa kukamatwa, trafiki, kipimo, maabara. Ya pili ni ile hukumu ya zamani ambayo ndo inapandisha adhabu. Ukiitoa hiyo, mshtakiwa anabaki mkosaji wa mara ya kwanza hata kama kipimo kimesoma juu. Sasa mtu anasimama kizimbani, anaulizwa ni kweli uliwahi kutiwa hatiani, anajibu "ni kweli mheshimiwa", basi, nusu ya kazi ya mwendesha mashtaka kaimaliza yeye, na hakuna aliyefungua lile faili kuona limeandikwa nini.

Angalieni uzito wake. Uingereza mara ya kwanza unafungiwa kuendesha si chini ya miezi 12, ukirudia ndani ya miaka 10 kima cha chini kinaruka mpaka miaka 3. Kanada mara ya pili kima cha chini ni siku 30 ndani, mara ya tatu siku 120. Ujerumani aliyerudia harudishiwi leseni mpaka apite uchunguzi wa kitabibu na kisaikolojia wanaouita MPU. California inatazama miaka 10 nyuma, Massachusetts inatazama maisha yako yote.

Kwa hiyo pa kuanzia ni tarehe. Miaka 10 inahesabiwa toka wapi mpaka wapi? Uingereza wanachukua siku uliyotiwa hatiani zamani mpaka siku ya kutenda kosa jipya. California wanachukua siku ya kosa la zamani mpaka siku ya kosa jipya. Kesi ya zamani kama iliburuzwa mwaka mzima kabla ya hukumu, inaweza kuwa ndani ya hesabu kwa sheria moja na nje kwa nyingine. Nimeshaona hati ya mashtaka imejazwa tarehe ya hukumu mahali ambapo sheria inataka tarehe ya kosa, na imepita mikono ya watu kibao mpaka wakili mmoja alipochukua kalenda akakaa chini akahesabu.

Pili, huyo aliyehukumiwa zamani ni wewe kweli? Msicheke, kuna faili siwezi kulisahau, jembamba, jalada limefifia, ndani karatasi nne tu. Jina la kwanza na la ukoo ni la mshtakiwa, jina la kati hakuna, mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa wino mwingine juu ya tarakimu iliyokwanguliwa, na kisanduku cha alama za vidole kiko wazi kabisa. Mahakama nyingi hazikubali kufanana kwa majina peke yake, wanataka alama za vidole, picha, au shahidi anayeweza kusema ndiye huyu, nilikuwepo. Na huo mzigo ni wa upande wa mashtaka.

Tatu, ile hukumu ilipatikanaje? Wengi walikiri kosa siku ileile ili walipe faini waende kazini. Marekani tangu kesi ya Boykin ya 1969 kumbukumbu za mahakama lazima zionyeshe kwamba aliyekiri alifanya kwa hiari na anajua anachokiacha. Alafu kuna suala la wakili. Nichols ya 1994 ilisema hukumu ya kosa dogo iliyotolewa bila wakili inaweza kutumika kuongeza adhabu baadaye mradi siku ile hakufungwa. Kisha 2002 ikaja Shelton ikasema hata kifungo cha nje huwezi kumpa mtu ambaye hakupewa wakili wala hakumkataa mwenyewe kwa kujua. Ziunganishe hizo mbili uone. Kama faili la zamani linaonyesha kifungo cha nje, na hakuna mstari unaosema alielezwa haki ya wakili, hapo kuna hoja ya kwenda nayo mbele ya hakimu, ila sio kila jimbo linakuruhusu kuifukua hukumu ya zamani kwa njia ileile, ndo maana wakili wa pale pale anahitajika.

Nne, kama kosa la zamani lilitokea jimbo au nchi nyingine, linganisha sheria mbili neno kwa neno. Utah kiwango cha pombe kwenye damu ni asilimia 0.05 tangu mwisho wa 2018 wakati majimbo mengine ya Marekani yamebaki 0.08. Aliyehukumiwa kwa 0.06 kule, huku kitendo kilekile peke yake kisingetosha kumtia hatiani kwa kiwango. Kinahesabiwa kama kosa la pili? Inategemea sheria ya mahali kesi mpya ilipo imeandikwa vipi, sasa utajuaje kama hujaisoma.

Usiku wenyewe wa kukamatwa nitauelezea kadri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Jiwe Gumu

Mkuu nakuheshimu ila naona kama unafundisha walevi kukwepa. Mtu kakamatwa mara mbili, huyo mara ya tatu anaua. Kwanini asibebe mzigo wake?

Karani wa Zamani

@Jiwe Gumu swali lako ni la haki na nitalijibu kwa moyo wote. Kama ana hatia, abebe, tena abebe adhabu ya kosa alilotenda kwa hesabu iliyo sahihi. Ninachokataa ni mtu kufungwa kwa hukumu ya mwenzake waliyefanana majina, au kwa kipimo cha mashine ambayo haijahakikiwa. Ukiruhusu uzembe kwenye kesi ya mlevi, uzembe uleule utakuwepo kwenye kesi yako siku ukisingiziwa.

Na sijasema popote mtu adanganye. Nikiona mtu anafundishana uongo kwenye uzi huu nitamjibu mimi mwenyewe.

Mama Wawili

Naomba niseme na mimi. Mdogo wangu wa mwisho aligongwa na dereva mlevi akafa palepale. Yule dereva alikuwa na hukumu ya nyuma. Tulipofika mahakamani ile hukumu ya nyuma ikakataliwa kwa sababu nakala waliyoleta haikuwa na muhuri wala sahihi ya mtu yeyote, akahesabika ni mara yake ya kwanza. Tulilia sana siku ile. Nilimchukia wakili wake miaka mingi lakini nimekuja kuona yeye alisoma karatasi, hawa wa upande wetu hawakuisoma. Hasira yangu iko kwa aliyeleta nakala bila muhuri. Kwa hiyo Karani endelea kuandika, na waendesha mashtaka nao wasome hapa.

Karani wa Zamani

Pole sana mama, Mungu amrehemu mdogo wako. Ulichosema ndo hasa, utetezi ukiwa makini upande wa pili nao unalazimika kuwa makini, na hapo familia kama yenu inapata hukumu isiyoweza kutenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ya karatasi.

Nuru ya Alfajiri

Habari zenu. Kaka yangu kashtakiwa mara ya pili, ya kwanza ni miaka kama saba nyuma alikiri akalipa faini. Safari hii alikutwa amelala kwenye gari limepaki, kiti cha dereva amekilaza nyuma, injini imezimwa, funguo mfukoni. Trafiki kamgongea kioo kamwambia puliza, kapuliza, kimesoma juu. Yeye alishamwambia trafiki "nilikunywa bia mbili tu saa nne hivi". Nifanye nini cha kwanza? Nyumbani wote tumechanganyikiwa, mama halali.

Karani wa Zamani

@Nuru ya Alfajiri pole dada, mpe mama pole pia. Cha kwanza kabisa ni leseni, kabla hata ya kesi. Sehemu nyingi kufungiwa leseni ni njia yake yenyewe, mamlaka ya leseni inaamua, haisubiri mahakama, na muda wa kupinga ni mfupi sana. California kwa mfano una siku 10 tu tangu kukamatwa kuomba usikilizwe, zikipita leseni inasimamishwa hata kama kesi ya jinai hujaitwa. Ile karatasi aliyopewa usiku ule isomeni yote mbele na nyuma, tarehe iko hapo, na huko kusikilizwa ombeni leo.

Pili, kulala kwenye gari na kuendesha gari ni vitu viwili tofauti na mara nyingi ni mashtaka mawili tofauti. Uingereza kuna kosa la kuendesha na kuna kosa la kuwa na usimamizi wa gari ukiwa umezidi kiwango, na kwa hili la pili sheria yenyewe inakupa utetezi ukithibitisha kwamba hakukuwa na uwezekano wa wewe kuliendesha ukiwa bado umezidi. Tena kufungiwa leseni kwa hili la pili kuko mikononi mwa hakimu, sio lazima kama kwenye lile la kuendesha. Majimbo mengi ya Marekani wao wanauliza kama gari lilikuwa chini ya mamlaka yako halisi, wanaangalia funguo zilikuwa wapi, injini, kiti ulichokaa, gari lilipaki vipi. Kwa hiyo hati ya mashtaka inasema "aliendesha" au inasema nini? Nani alimuona akiendesha? Kuna kamera sehemu ile? Alikuwa amempigia mtu aje amchukue? Kama alimpigia, ile orodha ya simu ni ushahidi, itoeni kampuni ya simu kabla haijafutika. Pigeni picha mahali lilipopaki, kwa mwanga wa usiku kama ule.

Tatu, hiyo ya bia mbili saa nne. Mwambie kuanzia sasa asieleze tena, wala asije kuandika popote mtandaoni. Watu wanadhani kusema bia mbili ni kujipunguzia, kumbe umempa mtaalamu wa upande wa pili saa ya kuanzia hesabu. Kuna hesabu ya Mswidi mmoja anaitwa Widmark, ya mwaka 1932, inachukua uzito wa mtu, jinsia, kiasi cha pombe na muda, wanarudisha nyuma au kupeleka mbele. Mwili kwa kawaida unapunguza kama 0.015 kwa saa lakini watu wanatofautiana, na pombe inachukua kama dakika 30 mpaka 90 baada ya kinywaji cha mwisho kufika kileleni. Maana yake aliyekunywa sasa hivi akapimwa baada ya saa moja anaweza kuwa juu kuliko alivyokuwa kwenye usukani. Ni hoja ya kweli ya kisayansi, ila baadhi ya nchi zimeifunga. Kanada tangu Desemba 2018 kosa ni kuwa umefikia au kuzidi kiwango ndani ya saa mbili baada ya kuacha kuendesha, kwa hiyo kule kusema ilikuwa bado inapanda haisaidii kitu.

Kiti cha Nyuma

Mkuu hiyo ya kukataa kupuliza mbona umeipita? Kijiweni wote wanasema kataa, bila kipimo hawana kesi.

Karani wa Zamani

Hiyo imeumiza watu wengi sana aisee. Uingereza kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lenyewe, kwa aliyekuwa anaendesha kufungiwa ni kulekule kuanzia miezi 12, na unaingizwa kwenye kundi la wakosaji wa hatari kubwa, hurudishiwi leseni mpaka upimwe na daktari. Marekani kesi ya Birchfield ya 2016 ilitenganisha: ukishakamatwa kihalali wanaweza kukutaka upulize bila kibali cha mahakama na kukataa kwako kunaweza kuadhibiwa, lakini damu hawawezi kukuadhibu kwa kuikataa kama hawana kibali. Na kabla ya hapo, 2013, McNeely ilisema pombe kupungua mwilini peke yake sio dharura ya kuchoma mtu sindano bila kibali. Kwa hiyo uliza, damu ilichukuliwa kwa kibali gani, saa ngapi kiliombwa, nani alikisaini.

Na bila kipimo kesi inaweza kuendelea tu, macho, harufu, mwendo, video. Kwa mtu wa kurudia kukataa kunaweza pia kuongeza muda wa kufungiwa leseni. Anayekwambia kataa hajui utakachobeba.

Maabara Usiku

Naona hakuna aliyegusa damu vizuri na mimi ndo kazi yangu kwa hiyo naingia. Sitaji ninapofanya kazi.

Kichupa cha damu ya pombe mara nyingi kina kifuniko cha kijivu, ndani kuna unga mweupe kidogo, hiyo ni sodiamu floridi ya kuzuia vijidudu na potasiamu oksaleti ya kuzuia damu kuganda. Unga ukiwa pungufu au kichupa kimepitwa na muda au hakikupinduliwa taratibu mara kadhaa ukachanganyika, damu inaganda au fangasi kama kandida wanaweza kuchachua sukari iliyomo na kutengeneza pombe ambayo mgonjwa hakuinywa. Kikiachwa kwenye gari la polisi wikiendi nzima badala ya friji, tatizo linaongezeka. Ngozi isafishwe kwa pamba isiyo na spiriti, hilo kila nesi anajua lakini saa nane za usiku watu wanachoka.

Jambo kubwa kuliko yote, damu ilipimwa wapi na kwa njia gani. Maabara ya uchunguzi wa jinai inatumia kromatografia ya gesi, inapima mvuke juu ya damu nzima, vipimo viwili na mchoro wake unabaki. Hospitali inapima kwa haraka kwa vimeng'enya, na inapima majimaji ya damu baada ya kutoa chembe. Majimaji yana maji mengi kuliko damu nzima kwa hiyo yanasoma juu, tofauti ya asilimia kumi na kitu ni kawaida kabisa. Nimeshaona namba ya hospitali imeingizwa kwenye hati ya mashtaka kama ilivyo bila kubadilishwa kuwa ya damu nzima. Mtu aliyekuwa chini kidogo ya kiwango anaonekana amezidi! Kwa hiyo mwambie wakili asikubali namba moja kwenye karatasi, aombe mchoro wote, kumbukumbu za mashine siku ile, sampuli za kulinganishia, na joto la friji.

Karani wa Zamani

@Maabara Usiku asante sana, nondo hizo. Niongezee kwamba kwa Marekani huyo aliyepima anatakiwa aje mwenyewe. Bullcoming dhidi ya New Mexico, 2011, ni kesi ya kuendesha umelewa kabisa, mchambuzi aliyepima damu alikuwa amepewa likizo bila malipo, wakamleta mwenzake wa maabara ileile asome ripoti, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, mshtakiwa ana haki ya kumhoji mchambuzi mwenyewe aliyesaini ile ripoti. Na Uingereza ukiomba siku ile sehemu ya damu yako unapewa ukaipime kwako, wengi hawaombi kwa sababu hawasikilizi wanachosomewa.

Kwenye kupuliza nako kuna vyake. Mashine haipimi damu, inapima pumzi kisha inakadiria, Marekani kwa uwiano wa 2100 kwa 1, Uingereza 2300 kwa 1, wakati mwili wa kila mtu una uwiano wake na homa ikipanda usomaji unapanda. Kabla ya kupuliza mtu atazamwe dakika 15 au 20 mfululizo asicheue, asitapike, asiweke kitu mdomoni, maana pombe iliyobaki mdomoni inadanganya mashine. Sasa askari anayeandika kwenye kompyuta huku amempa mtu mgongo, alikuwa anamtazama kweli? Angalieni video ya kituoni mlinganishe na saa zilizoandikwa kwenye fomu. Uingereza wanapuliza mara mbili na inachukuliwa ya chini. Ombeni daftari la kuhakiki mashine, mara ya mwisho ilihakikiwa lini, na kabla na baada ya siku ile ilikuwa na hitilafu gani.

Vile vipimo vya barabarani pia. Marekani vya kawaida ni vitatu, macho kufuata kalamu, hatua tisa kisigino kwa kidole ukageuka, na kusimama mguu mmoja sekunde 30. Miongozo yao wenyewe imewahi kutahadharisha kuhusu wenye zaidi ya miaka 65, wenye uzito mkubwa sana, wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani. Mzee mwenye goti bovu akiyumba huo sio ushahidi wa pombe, leta cheti cha hospitali cha kabla ya kukamatwa.

Kiti cha Nyuma

Na wale wanaosema tumbo lao linatengeneza pombe lenyewe? Hiyo si ni story tu?

Karani wa Zamani

Ugonjwa upo, ni nadra mno. Brugge, Ubelgiji, Aprili 2024 mahakama ilimwachia mtu kwa huo ugonjwa, na cha kusikitisha mwaka 2019 alishakamatwa akapigwa faini na kufungiwa leseni, akisema hajanywa, hakuaminiwa. Safari ya pili madaktari watatu walimpima wakathibitisha. Kwa hiyo ni vipimo vya madaktari waliokaa naye wakamchunguza, sio kauli ya kizimbani. Ukiwa huna hivyo vipimo usiitaje, unamchosha hakimu na unaharibu hoja zako nzuri.

Jiwe Gumu

Je akisema alikunywa baada ya kupaki? Nimesikia watu wanatoka hivyo.

Karani wa Zamani

Uingereza utetezi huo upo, ila mzigo ni wako, uthibitishe kwamba bila kile ulichokunywa baadaye usingezidi kiwango, na mtaalamu atapiga hesabu mbele yako. Kama ni kweli, leta waliokuwepo. Kama ni uongo acheni kabisa, umetoka kwenye kosa la barabarani umeingia kwenye kosa la kudanganya mahakama, na hilo linapeleka watu jela moja kwa moja.

Dereva Mkongwe

Naongezea upande ambao mawakili wanaupeleka mwishoni wakati mi naona uanze mapema. Shemeji yangu alipokamatwa mara ya pili ushahidi ulikuwa umekamilika kila kona, wakili akamwambia wazi hatuna pa kupenya. Walichofanya, wiki hiyohiyo akaenda kliniki ya ulevi, akaanza kupimwa damu kipimo kinaitwa PEth, hicho kinaonyesha kama umekunywa wiki mbili tatu nyuma, hakidanganyiki kwa kukaa siku mbili bila kunywa. Akafunga mwenyewe ile mashine kwenye gari inayotaka upulize ndo liwake, na ukiwa njiani inakudai upulize tena. Mpaka siku ya hukumu ana rundo la karatasi safi. Hakimu alizisoma moja moja, akampa adhabu ya chini kabisa inayoruhusiwa na programu ya matibabu.

Tahadhari moja, ile mashine inanasa hata dawa ya kusukutua mdomo, suuza na maji subiri kisha upulize, na kila ikikataa andika saa na ulichokula, maana data yote inaenda kwa wasimamizi.

Na huyu shemeji leo hanywi. Nilikuwa namuogopea kila simu ikilia usiku.

Karani wa Zamani

Mkuu umesema la maana sana. Kwa mtu wa kurudia hakimu anataka kujua kitu kimoja tu, atarudi tena? Kuomba msamaha kwa mdomo alishaomba mara ya kwanza, kumbukumbu ziko hapo. Na aliyefikia mara ya pili mara nyingi pombe yenyewe imeshakuwa ugonjwa unaohitaji tiba, hilo nalisema kwa upendo, tibeni ndugu zenu hata kesi ikifutwa. Mwambie tu wakili kabla ya kuanza, ili kile mtu anachokiri kliniki kisije kugeuka ushahidi kabla ya kesi kusikilizwa.

Nuru ya Alfajiri

Narudi. Leseni tumeshaomba kusikilizwa, tuliwahi. Hati ya mashtaka inasema "aliendesha", na hakuna shahidi aliyemuona. Simu kweli alimpigia binamu aje amchukue, iko kwenye orodha. Kaka amekubali pia kwenda kliniki. Ila lile faili la miaka saba nyuma nimeenda masjala karani ananiambia halionekani, labda liliharibiwa. Hiyo ni nzuri kwetu au mbaya?

Karani wa Zamani

Dada mmefanya vizuri sana. Kuhusu faili, usifurahi wala usikate tamaa. Faili likipotea kuna vitu vinabaki: daftari la kusajili kesi, daftari la faini, stakabadhi, kumbukumbu ya mamlaka ya leseni, na sehemu nyingi cheti cha hukumu chenye muhuri kinatosha kuthibitisha. Kwa hiyo omba kwa maandishi, taja namba ya kesi kama unayo, au jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa na mwezi wa hukumu, uombe vitu viwili: nakala ya mwenendo wa kesi iliyothibitishwa, na kama haupo, barua ya msajili yenye muhuri inayosema ulitafutwa na haukuonekana. Usiondoke na jibu la mdomo, hata karani akiwa mkarimu vipi. Chukua nakala ya barua yako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Na huyo kaka, akiulizwa mahakamani kuhusu hukumu ya zamani kabla wakili hajaona hizo karatasi, asikubali wala asikatae, wakili aseme tunaomba upande wa mashtaka uthibitishe. Barua ya msajili ikitoka niandikie inbox imesemaje, ila majina na namba ya kesi ziba kwanza.